Spoku za Ambrose Vickery

Hedley Tresidder alikuwa fundi cherehani, na karakana yake yote ilikaa kwenye keria ya baiskeli. Nyundo, bisibisi, makopo ya mafuta, sindano, mikanda ya ngozi, vyuma vya vipuri, na juu ya hayo yote blanketi na kopo la kuchemshia chai. Kutoka White Cliffs kwenda juu hadi karibu na mpaka wa Queensland hakukuwa na mama wa shamba la kondoo asiyemjua. Alikuwa mwembamba, kifua kibovu alichokitoa kwenye migodi ya shaba ya Moonta, na masikio makubwa kama vishikio vya chungu. Masikio hayo ndiyo yaliyomlisha. Alikuwa anainama juu ya cherehani, anazungusha mkono wake mara moja tu, kisha anasema, "Huyu anaumwa koo." Ukifungua, kweli unakuta uzi umejisokota pale pale kooni.

Mimi ni Honora Keogh. Nilikuwa na duka pale Quandong Soak, njia inapogawanyika, na Hedley alikuwa akilala katika banda langu la manyoya kila alipopita. Asubuhi, kabla hata ya chai, alikuwa anaipindua baiskeli miguu juu, anapita na kidole kwenye spoku moja baada ya nyingine, ting, ting, ting, shingo kaipinda kama kuku anayesikiliza mwewe.

"Unampigia nani kinubi, Fundi?" nilimtania siku moja.

"Nazisikiliza, Mama Keogh. Iliyokaza inaimba. Iliyolegea inakohoa."

"Mimi nilidhani ni uzito ndio unaozivunja."

"Uzito!" Akacheka hadi kikohozi kikamshika. "Spoku haifi kwa uzito wa leo, mama. Gurudumu likizunguka, ile inayofika chini inalegea, ikipanda inakaza, inalegea, inakaza, kutwa nzima. Zikikazwa sawasawa zinasaidiana. Lakini ukimwacha mmoja amelegea, huyo anapigwapigwa mpaka anakatika shingoni, pale anapojikunja kuingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Na akikatika yeye, majirani zake wanabeba mzigo wake. Wakichoka, nao wanakatika. Upande wa cheni ndio hasa. Kule zimesimama wima, hazina pa kuegemea."

"Kama watu tu."

"Kama watu," akasema, akaendelea na kinubi chake.

Mwaka ninaosimulia, mvua ilikuwa imetupa mgongo. Malambo yalikauka mpaka udongo wa chini ukapasuka vipande na kujikunja kama maganda. Mwezi wa kumi na moja gari la farasi la posta likashusha dukani kwangu sanduku la Bibi Pfeiffer wa shamba la Tarkoola. Ndani mlikuwa na cherehani ya mkono, mpya, chuma kitupu. Bibi Pfeiffer aliunguliwa na jiko na kila kitu kilichokuwamo, na watoto wake walikuwa wanavaa magunia ya unga.

"Wasubiri Waafghani," nikamwambia Hedley. "Ngamia wao watapita wiki ijayo. Ngamia hana spoku."

"Wiki ijayo Bibi Pfeiffer atakuwa anashona kwa miiba. Naelekea huko huko, mama. Naipakia."

"Hedley, hiyo keria inalia tayari."

"Inaimba."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wasemavyo, lakini mimi ule mzigo niliusaidia kuuinua kwa mikono yangu, na haukuwa usufi. Alifunga cherehani juu ya vifaa vyake, akaning'iniza mifuko miwili ya turubai ya maji usukanini, akapanda. Nilimwona akiyumba hadi mchanga mwekundu ulipommeza. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, na sehemu nyingine nilizisikia kwa Alick wa Tarkoola, na kwa mtu mwingine nitakayemtaja. Hakuna aliyepingana na mwenzake, na ningefurahi kama wangepingana.

Nchi iliyo kati ya Quandong Soak na Tarkoola ni kokoto nyekundu zilizosuguliwa na upepo hadi zinang'aa, nyanda na nyanda. Mti hakuna. Vichaka vya chumvi vinafika gotini tu. Barabara ni alama ya magurudumu waliyoiacha waliotangulia. Kwenye kokoto zile Hedley alisikia spoku ya kwanza ikikatika nyuma yake, ting, kama mtu aliyegonga bilauri kwa kucha. Akashuka, akaing'oa, akatia ya akiba. Mbele kidogo ikakatika nyingine. Halafu mbili pamoja. Zote upande wa cheni, zote shingoni. Akiba yake ilikwisha jua bado halijafika utosini.

Alijua alichokosea. Alifunga cherehani upande mmoja zaidi ya mwingine. Akaifungua, akaifunga upya, akaanza kuikokota baiskeli kwa miguu. Lakini gurudumu lilikuwa limekwisha kupinda, linagusa fremu kila likizunguka, na spoku ziliendelea kukatika hata bila yeye kupanda. Mwishowe likagoma kabisa, likakwama kwenye fremu. Akaibeba nyuma juujuu, mbele ikizunguka, akaikokota hivyo hadi alipoona uzio wa waya, na kando ya uzio ukuta wa udongo wa lambo.

Lambo lilikuwa kavu. Na kwenye nguzo ya uzio ilikuwa imeegemezwa baiskeli.

Ilikuwa imefungwa mzigo vizuri, blanketi lililokunjwa, kopo la chai, mkasi wa kukatia manyoya ndani ya ala yake. Mfuko wa maji uliokuwa usukanini ulikuwa mkavu na mgumu kama ubao. Hakukuwa na mtu.

"Hoi!" Hedley akaita. "Wewe mwenye baiskeli!"

Nchi ile haina mwangwi. Sauti inatoka kinywani na inaishia hapo hapo.

Nyayo za buti zilitoka kwenye baiskeli zikapanda ukuta wa lambo, zikashuka upande wa pili kuelekea uwanda wa udongo mweupe. Hedley akazifuata. Hatua chache mbele akakuta buti, zimewekwa pamoja, kamba zimefungwa kitanzi kama za mtoto anayejiandaa kulala. Mbele yake soksi. Mbele tena kofia, kisha kizibao, kisha shati limekunjwa, jiwe limewekwa juu lisipeperuke. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Kiu ikifika mwisho mtu huona nguo zinamchoma, huvua moja moja, kwa utaratibu kabisa, na huendelea kutembea. Mbele ya shati uwanda ulikuwa mweupe, na juu yake joto lilitetemeka hata usingeweza kusema ardhi inaishia wapi. Nyayo za miguu mitupu ziliingia humo.

Hedley alisimama pale. Maji aliyobakiwa nayo yangemfikisha Tarkoola mtu mmoja, kama angewahi. Akaita tena, akasubiri, akageuka.

Nilimuuliza kwa nini hakuchukua ile baiskeli nzima akapanda akaenda. "Ilikuwa ya mtu mfupi," akanijibu, "magoti yangenipiga kidevuni. Na mama, ukichukua spoku za mtu unaweza kumwomba radhi. Ukichukua baiskeli yake, wewe ni mwizi wa maiti." Gurudumu zima lisingekubali, habu yake ilikuwa pana mno kwa fremu ya Hedley. Lakini urefu wa spoku ulikuwa mmoja.

Basi akakaa chini kivulini mwa ukuta, akang'oa kigurudumu cha cheni, akaanza kuzitoa spoku za yule mtu. Alichukua sita. Alizichagua kwa kuruka, moja hapa, moja pale, ili gurudumu lisianguke. Lingesimama, lingeviringika tupu, ila lisingebeba mtu. Alifanya kazi huku akizungumza peke yake, kama alivyozoea mezani kwangu.

"Samahani, bwana. Upande wa cheni tu, sigusi kushoto. Mkono wako mzuri, nani alikuundia gurudumu hili? Limekazwa kama ngoma."

Alipomaliza la kwake alilipiga kwa kidole. Spoku zake ziliimba sauti moja, zile sita zikaimba chini kidogo. Akajaribu kuzipandisha, zikagoma. Akaona haidhuru.

Cherehani akaiacha. Aliitoa kwenye sanduku, akaiweka juu ya ubao wa sanduku kivulini, kando ya baiskeli ya yule mtu. Kisha akafanya jambo ambalo mwenyewe aliliita upuuzi. Akamimina maji katika kopo la jemu, akalifunika kwa bamba la bati na jiwe juu, akalisogeza ukutani. Akasema kwa sauti, "Mwenyewe, kama uko hai, maji haya yako. Nimechukua spoku sita. Nitazirudisha." Akapanda.

Alikuwa ameenda mwendo wa kuchemsha chai, ndipo akasikia baiskeli nyuma yake.

Hakudhani. Alisikia tairi likisaga kokoto, na ule mlio mdogo wa cheni kavu, tiki, tiki, tiki. Akageuka akitabasamu, maana alijua ni yule mtu karudi, amempata. Nyuma hakukuwa na kitu ila alama ya tairi lake mwenyewe, na jua lililoangaza kila jiwe. Akaendelea. Ikaendelea. Akasimama, na ile ikaja kidogo zaidi, kama mtu aliyechelewa kukanyaga breki, ndipo ikasimama.

Fundi ni fundi. Alishuka akaikagua. Labda spoku mpya zinagusa cheni, hazikugusa. Labda kuna jani kavu kwenye tairi. Hakukuwa na jani. Akapanda tena, na nyuma yake akasikia mtu naye anapanda, akikohoa kikohozi kikavu cha koo lisilo na mate. Hedley alikuwa na kikohozi chake na alikijua. Hicho hakikuwa chake.

"Niliogopa, mama," aliniambia. "Siwezi kukudanganya. Niliogopa vile mtoto anavyoogopa, mchana kweupe, naona kila kitu mpaka upeo wa macho."

Ilimfuata hivyo jioni nzima hadi geti la nje la Tarkoola. Pale alishuka kufungua mnyororo wa geti. Bila kugeuka akapiga kelele, "Rudi! Rudi kwako, bwana! Huku hatuendi pamoja mimi na wewe! Kakae kwenye mashine!" Hakujua kwa nini alisema habari ya mashine. Akavuka, akafunga geti. Nyuma yake kukawa kimya.

Bwana Pfeiffer na Alick walianza safari alfajiri na gari la farasi lenye mapipa ya maji, na Hedley amekaa nyuma. Alick alikuwa Mmalyangapa, wa wenyeji wa asili wa nchi ile, mchunga ng'ombe wa pale, mtu wa mzaha mwingi. Nyayo alizisoma kama wengine wanavyosoma gazeti, akitoa maoni yake njiani.

"Fundi, hapa ulikuwa unaendesha kama mlevi," akasema akitazama alama ya baiskeli.

"Je, kuna nyingine? Alama nyingine ya baiskeli nyuma yangu?"

Alick akashuka, akatembea kidogo, akarudi. "Moja tu. Kwani ulitaka ngapi?"

Hedley akageuka kutazama nyuma, na Alick akaacha kucheka.

Walipokaribia lambo, farasi walisimamisha masikio kabla ya watu. Kisha wote watatu wakasikia. Ilikuwa sauti ya nyumbani, sauti ya chumbani siku ya mvua, na kuisikia pale kwenye uwanda usio na nyumba kuliwafanya wasitazamane. Taka-taka-taka-taka. Inasimama. Taka-taka-taka.

Mtu alikuwa ameketi kivulini mwa ukuta, uchi kama alivyozaliwa, ngozi nyekundu imepasuka, midomo myeusi. Cherehani ya Bibi Pfeiffer ilikuwa mbele yake. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaingiza shati lake chini ya sindano, taratibu, kwa uangalifu, likitoka upande wa pili limejaa matundu tu. Hakukuwa na uzi. Kopo la jemu lilikuwa tupu kando yake. Baiskeli yake ilikuwa imeanguka hatua chache kutoka ukutani, gurudumu la nyuma limejikunja kama mkate mwembamba.

"Karibia, karibia," akasema bila kuinua macho. "Namaliza hapa pembeni tu."

Bwana Pfeiffer, mtu mzima mwenye ndevu hadi kifuani, akalia.

Wakamnywesha kwa kijiko, wakamfunga shuka iliyoloweshwa, wakamlaza garini. Alick alizunguka pale peke yake, akaja kumweleza Hedley. Yule mtu alikuwa ameenda mbali sana uwandani, akazunguka, akarudi akitambaa. Nyayo zake za kurudi zilipita juu ya alama ya tairi la Hedley, si chini yake. Alirudi jioni, Hedley ameshaondoka zamani. Alikunywa maji. Akajaribu kupanda baiskeli yake aondoke, gurudumu likavunjika naye papo hapo.

"Usiinamishe kichwa," Alick akamwambia. "Uso wa gurudumu ulielekea kule." Akaonyesha magharibi, ambako hakuna uzio wala lambo wala mtu. "Lingekuwa zima, leo tungekuwa tunatafuta mifupa. Umemfunga kamba mguuni, Fundi, hujui tu."

Jina lake lilikuwa Ambrose Vickery, mkata manyoya, alikuwa akienda shamba la mbele kutafuta kazi akapotea njia. Alilala nyumbani kwa kina Pfeiffer na akili ikarudi polepole. Siku alipoweza kukaa mezani, Bibi Pfeiffer aliwapikia supu ya kondoo na mkate wa majivuni, na Hedley, aliyekuwa amebaki akimngoja, akaanza kumwomba radhi kuhusu zile spoku.

"Radhi ya nini?" Ambrose akasema. "Si uliniomba pale pale? Nikakwambia chukua na za kushoto, ukasema hugusi kushoto."

Bibi Pfeiffer akaacha kugawa supu.

"Ulikuwa wapi?" Hedley akamuuliza.

"Nilichuchumaa mbele yako. Nilikuwa nakupa spana. Ukasema mkono mzuri, nani aliunda gurudumu hili, nikakwambia ni marehemu kaka yangu, kule Bourke. Hukunijibu. Nikasema huyu bwana ana kiburi." Akanywa supu kidogo. "Ulipoondoka nikaona, aa, nisibaki peke yangu. Nikakufuata. Unaendesha haraka wewe, na kifua hicho! Mpaka getini, ukanifokea nirudi nikakae kwenye mashine. Nikarudi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu amekufukuza."

Alisema hivyo kama mtu anayesimulia safari ya sokoni. Bwana Pfeiffer akafungua kinywa, mkewe akamgusa mkono, akafunga.

Hedley akasema, "Nitakurudishia spoku zako kesho."

"Ziache huko," Ambrose akamwambia. "Nikipotea tena nitajua pa kushika."

Basi zikabaki. Bibi Pfeiffer alimpa Ambrose gurudumu la zamani la mumewe, akaenda zake Queensland kukata manyoya, na Hedley akarudi kwenye mizunguko yake. Mwaka mzima alipita na kurudi, na akaniambia kwamba kila spoku nyingine ya gurudumu lile alishaibadilisha, ila zile sita hazikatiki. Mzigo wowote, njia yoyote. Alisema hivyo bila furaha. Alikuwa amekonda zaidi. Mezani alianza kukaa akiutazama mlango.

"Bado unamsikia?" nilimuuliza.

"Adhuhuri tu. Kukiwa na jua kali. Nimezoea, mama, simwambii kitu."

Sasa nitasema nililoliona mimi. Ilikuwa mchana, nimetoka barazani kumwaga maji ya kuoshea vyombo, nikawaona wanakuja kwenye njia ya kaskazini. Baiskeli mbili. Hedley mbele, nilimjua kwa masikio, na nyuma yake mtu mfupi aliyeinamia usukani. Nikafurahi kwamba amepata mwenzi wa njiani. Nikaingia ndani nikaandaa sahani mbili, nyama ya kondoo na tanipu, chai vikombe viwili. Hedley akaingia akanawa. Nikamuuliza, "Mwenzio yuko wapi?"

Akaitazama ile sahani ya pili. Hakuuliza mwenzi gani. Akaketi, akala ya kwake, na mimi nikakaa nimeshika kitambaa cha jikoni mpaka akamaliza. Sahani ya pili sikuwa na moyo wa kuiondoa. Nikaifunika.

Baadaye, msimu wa kukata manyoya ulipokwisha, gari la posta lilimshusha Ambrose Vickery mlangoni pangu na baiskeli yake imefungwa juu. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa karibu. Mtu mfupi, mpole, macho yamezama. Akavua kofia.

"Mama Keogh, asante kwa ile nyama. Tanipu siku hizi hazipatikani."

Nikashika kaunta.

"Nisamehe," akasema haraka alipoona uso wangu. "Sikuja kukutisha. Nimekuja kumsubiri Fundi. Nimechoka, mama. Nalala usingizi nikiwa Queensland, naamka miguu inauma, mavumbi mdomoni. Kila anapokwenda nakwenda. Nilimwambia aziache, nilikuwa mjinga, nilidhani ni kamba ya kunivuta nirudi. Kumbe kamba inavuta pande zote mbili."

Hedley alifika kabla ya wiki kwisha. Walipoonana hawakupeana mikono kwanza, walitazamana tu, kama ndugu waliotengana kwa ugomvi ambao hakuna anayeukumbuka.

"Unanichosha, kaka," Ambrose akasema.

"Na wewe unanitisha, kaka," Hedley akamjibu.

Kazi waliifanya barazani kwangu, jua likiwaka, mlango wazi. Hedley alizitoa zile spoku moja moja, akampa Ambrose mkononi. Ambrose alizipokea mikono yote miwili, akazifuta kwa shati. Kisha wakazitia katika gurudumu lake, wakichanganya na nyingine, Hedley akikaza, Ambrose akishika rimu. Ilipoingia ya mwisho Ambrose alikalia sakafu ghafla, akashika magoti yake, akaanza kulia kwa sauti. Nikampelekea maji. Akaniambia hakuna kinachouma. Kilichomliza ni hicho, kwamba hakuna kinachouma.

Alilala barazani pale pale, kutwa, na nzi wakimtembea usoni, na Hedley akakaa kando yake akiwafukuza kwa kofia.

Ambrose aliondoka akipiga kengele. Nilimtazama njia nzima mpaka kwenye mchanga, na alikuwa mmoja tu. Tangu hapo hakuna aliyemsikia mahali asipokuwapo. Alioa Charleville, nasikia, ana watoto.

Hedley yeye hakuweza kuendelea na mizunguko. Spoku mpya alizotia zilikatika baada ya wiki chache kama zamani, na hilo lilimfurahisha, alicheka akinionyesha shingo zilizovunjika. Lakini adhuhuri uwandani, aliniambia, kimya kilikuwa kimekuwa kingi. Alikuwa akisimama njiani akisikiliza, bila kusikia kitu, na akashindwa kupanda tena mpaka jua lipoe. Mara moja Waafghani walimkuta amesimama hivyo karibu na Tarkoola, chai imechemka mpaka ikakauka koponi, wakampandisha juu ya ngamia na baiskeli yake wakamletea mimi.

Nikampa chumba cha nyuma, akafungua karakana. Akawa anaunda magurudumu ya wakata manyoya, spoku nene shingoni na nyembamba katikati, na watu walitoka hata Wilcannia kuyafuata. Cherehani akaletewa. Kifua kikaendelea kumla. Majira ya baridi yaliyopita hakuamka kitandani tena, na Alick alikuja kumsaidia Bwana Pfeiffer kuchimba kaburi, maana ardhi yetu ni ngumu. Waliposhusha jeneza upepo uliinuka kidogo ukapiga uzio wa makaburi, waya zikalia. Alick akaniangalia.

"Ni uzio tu, Mama Keogh," akasema.

"Najua ni uzio," nikamjibu. "Wewe fukia."